Nani wa Kukipima Kipimo?

MUUGUZI: Mwalimu, soma karatasi hizi. Ni za mgonjwa aliyeletwa kwetu mdomo umepinda na mkono wa kulia hauinuki. Wiki kadhaa kabla ya hapo alikwenda kwenye hema la “kipimo cha mwili mzima”, akashika chuma kilichounganishwa na kompyuta, na baada ya muda mfupi akapewa kurasa chungu nzima: ini limechoka, figo zina sumu, nyongo haifanyi kazi sawasawa, mifupa imepungukiwa madini. Kila kiungo kimepewa namba yenye desimali tatu. Akauziwa virutubisho vya miezi mitatu, akaambiwa vidonge vya presha vinamharibia figo, naye akaviacha. Wewe unafundisha fizikia. Kuna fizikia yoyote ndani ya chuma kile?

MWALIMU WA FIZIKIA: Ya kuona figo, hakuna. Chuma cha kushika mkononi kinaweza kupima joto la kiganja, unyevu wake, na jinsi ngozi inavyopitisha umeme. Hapo ndipo uwezo wake unapoishia. Tazama wanachokuuliza kabla hujakishika: jinsia, umri, urefu, uzito. Ukishayajua hayo manne, unaweza kuandika ripoti ambayo watu wengi watajiona ndani yake. Mwambie mtu wa miaka 60 mwenye kilo 95 kwamba magoti na presha vinamsumbua, atakuuliza umejuaje. Na kuikagua mashine ile hakuhitaji maabara. Mtu mmoja aende mara mbili kwa majina mawili. Mara ya kwanza aseme ana miaka 25 na kilo 50, mara ya pili aseme ana miaka 60 na kilo 95. Figo zake ni zile zile. Ripoti zikitofautiana, basi kilichosomwa ni fomu, mwili haukusomwa.

TABIBU WA TIBA ASILI: Hapo niko upande wako, wala usishangae. Watu wale wanatuharibia jina. Lakini angalia mashine ile imevaa nguo za nani. Ina kompyuta, ina desimali, muuzaji ana koti jeupe, na jina la mashine limejaa maneno ya fizikia yako. Hakuna mganga wa jadi aliyebuni kitu kile. Hata hivyo, gazeti likitaka kuandika habari za sayansi bandia, picha inayowekwa ni ya kibuyu changu. Kwa nini?

MUUGUZI: Kwa sababu kibuyu nacho kimetuletea wagonjwa, mzee wangu. Mwaka 2011 nilikuwa mwanafunzi wa uuguzi. Mchungaji mstaafu Ambilikile Masapila, aliyeitwa Babu, alikuwa akigawa kikombe cha dawa ya mti wa mugariga kijijini Samunge, Loliondo, kwa shilingi 500. Kisukari, pumu, kansa, presha, UKIMWI, yote kwa kikombe kimoja. Magari yalipanga foleni kilomita kwa kilomita. Walikwenda viongozi wa serikali, walikwenda Wakenya, walikwenda wagonjwa waliotolewa wodini na ndugu zao, na wengine walifia njiani. Na wapo waliorudi wakaacha ARV. Hao ndio tuliowapokea baadaye.

TABIBU: Pole kwa uliyoyaona, mwanangu. Lakini mzee yule tumtendee haki. Hakujiita mwanasayansi. Alisema ameoteshwa na Mungu. Sasa utamwitaje mwanasayansi bandia mtu ambaye hakudai sayansi? Bandia ni noti inayojifanya noti. Sala haijifanyi noti.

MWALIMU: Hoja hiyo naikubali, na nitakuonyesha ni wapi ubandia ulipoingilia. Wataalamu wa serikali waliichunguza dawa ile wakasema kwa kiasi kile haina sumu. Ikishafika stendi, habari ikawa “wataalamu wamethibitisha”. Wamethibitisha nini? Kwamba haidhuru. Kutodhuru na kuponya ni mambo mawili, na anayeyaunganisha kwa makusudi ndiye ninayemsema. Wenzako wafanyabiashara wanafanya hivyo kila siku. Kwenye chupa wanaandika “imepimwa na Mkemia Mkuu wa Serikali”, na mnunuzi anasoma “inatibu”.

TABIBU: Wanafanya, kweli. Nimesajiliwa na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, na nimeyasema haya kwenye vikao vyetu hadi nikaonekana msaliti. Lakini ninyi je? Nenda Nairobi mwaka 1990. Kemron, iliyodaiwa kutibu UKIMWI, haikutoka kibuyuni. Ilitoka KEMRI, taasisi ya utafiti ya serikali ya Kenya, chini ya mkurugenzi wake Davy Koech, na Rais Moi mwenyewe alishiriki kuitangaza. Ilikuwa interferoni kwa dozi ndogo, ya kuyeyushwa mdomoni. Wagonjwa walisemekana kupata nafuu kubwa, na wengine eti kipimo cha virusi kikarudi hasi. Ilichapishwa kwenye jarida la kitabibu. Aliyeitilia shaka aliambiwa hataki kuona Mwafrika akifanikiwa. Niambie, Mwalimu: ile ilikuwa sayansi ya kweli au bandia?

MWALIMU: Siku ile ya kwanza ilikuwa dai la kisayansi. Lilikuwa na dawa inayojulikana, dozi inayojulikana, na maelezo yanayomwezesha mtu mwingine kurudia. Na watu walirudia. Uganda walilinganisha kundi lililopewa dawa na kundi lililopewa kitu kisicho na dawa, wasipate tofauti. Marekani nako jibu likawa lile lile. Kuanzia hapo, yeyote aliyeendelea kuiuza kama tiba alikuwa ameshatoka kwenye sayansi, hata kama koti alikuwa nalo bado.

TABIBU: Kwa hiyo kitu kile kile, kidonge kile kile, ni sayansi Jumatatu na ni bandia Ijumaa?

MWALIMU: Ndiyo. Kilichobadilika ni tabia ya anayekishika. Kidonge ni kile kile.

MUUGUZI: Na katikati ya Jumatatu na Ijumaa kulikuwa na watu wanaouza ng'ombe ili wakinunue. Msilipite hilo haraka.

TABIBU: Ahsante, binti yangu. Kwangu hilo ndilo kubwa. Watu wa sayansi wanasema “sayansi hujirekebisha” kama vile marekebisho hayana gharama. Vioxx, dawa ya maumivu ya kampuni kubwa ya Marekani, iliandikwa na madaktari dunia nzima, ikaondolewa sokoni mwaka 2004 baada ya kuonekana inaongeza hatari ya mshtuko wa moyo na kiharusi. Mti wangu mmoja ukimharisha mtoto, nafungiwa.

MWALIMU: Sitatetea Vioxx. Ila nauliza: tumejuaje kwamba ilikuwa na madhara? Majaribio yalihesabu mishtuko ya moyo kwa waliopewa dawa na kwa wasiopewa, hesabu ikakataa kuwiana. Watu wenye maslahi makubwa wangependa isijulikane, lakini tayari kulikuwa na daftari la kuhesabia. Wewe una daftari la namna hiyo?

TABIBU: Ninalo la wagonjwa wangu. Jina, kijiji, tatizo, dawa niliyompa.

MUUGUZI: Na walioshindwa kupona? Wameandikwa wapi?

TABIBU: Anayepona hurudi na kuku, anashukuru, analeta na jirani yake. Asiyepona harudi.

MUUGUZI: Basi daftari lako ni la kuku, mzee wangu, kwa heshima zote. Sisemi hivyo kukudhalilisha. Wodini ingekuwa hivyo hivyo kama tungewahesabu tu wanaoaga kwa furaha getini. Kila dawa duniani ingeonekana inaponya, hata maji.

TABIBU: Unaniita mwongo?

MUUGUZI: Hapana, mzee. Hata kidogo.

MWALIMU: Uongo hauhusiki hapa, na ndiyo maana jambo hili ni gumu. Mwaka 1903 René Blondlot, mwanafizikia mwenye heshima huko Nancy, Ufaransa, alitangaza kugundua miali mipya. Akaiita miali ya N, kwa jina la mji wake. Wenzake wengi nao wakaiona. Mwaka uliofuata mwanafizikia wa Marekani, Robert Wood, akatembelea maabara yake. Majaribio yalifanywa gizani. Katika giza lile Wood akachomoa kimyakimya prizimu iliyokuwa ikipinda miali hiyo, na msomaji akaendelea kusoma vipimo kama kawaida, prizimu haipo. Blondlot hakuwa tapeli. Aliona alichotamani kuona. Tangu nilipoisoma habari ile simwamini hata mtu mkweli kama hakuna aliyemzibia macho. Najihesabu na mimi humo.

TABIBU: Sasa umefika nilipokuwa nakusubiri. Mwaka 2020 Rais Magufuli alisema sampuli za papai na mbuzi zilipelekwa maabara zikiwa na majina ya watu, na baadhi zikarudi na majibu ya korona. Je, huo si mtego wako wa majina mawili? Si prizimu ya Wood ile? Mbona wanasayansi walikasirika?

MWALIMU: Ni mtego ule ule, na wazo lenyewe ni zuri. Maabara inayojiheshimu hujitegea mitego ya namna hiyo yenyewe. Ugomvi wangu uko kwenye hatua iliyofuata. Sampuli zilichukuliwa na nani, zilibebwaje, zilirudiwa mara ngapi, na maabara nyingine ikipewa sampuli zile zile inapata nini? Wood aliandika alichofanya hatua kwa hatua, akachapisha, kila mtu akasoma. Nikipewa jibu bila kuonyeshwa daftari, siwezi kulikubali wala kulikataa. Na sharti hilo nalishika hata pale jibu linaponipendeza.

TABIBU: Vizuri. Basi nipe kanuni. Wanafunzi wako unawaambia nini, kwa ufupi?

MWALIMU: Nawaambia alichosema Karl Popper. Tarehe 29 Mei 1919 jua lilipatwa, na Mwingereza Arthur Eddington alikuwa kisiwani Príncipe, hapa hapa Afrika, upande wa Atlantiki, akipiga picha za nyota zilizo karibu na jua. Einstein alikuwa ameshaandika kabla, kwa namba, kwamba mwanga wa nyota hizo utapinda kiasi fulani. Usingepinda hivyo, nadharia yake ingekuwa matatani mbele ya ulimwengu mzima. Popper alikuwa kijana huko Vienna, na jambo hilo lilimkaa moyoni: dai la kisayansi hutaja lenyewe kitakachoonyesha kwamba si kweli. Lisilotaja si sayansi.

TABIBU: Mnajimu wa redioni amesema wenye nyota ya Ng'ombe watapata fedha wiki hii. Wiki imekwisha, hawakupata. Dai lilipimika, limepimwa, limeanguka. Kwa kanuni yako mnajimu ni mwanasayansi?

MWALIMU: Umenibana mahali ambapo wanafalsafa nao walibanwa. Mwaka 1983 Larry Laudan alitoa hoja ya aina hiyo, akashauri tuache kabisa kutafuta mpaka mmoja kati ya sayansi na isiyo sayansi. Sikubaliani naye moja kwa moja, lakini nakubali kwamba kutazama dai peke yake hakutoshi. Inabidi umfuate mtu baada ya dai kuanguka, uone anafanya nini wiki inayofuata. Mnajimu wiki inayofuata anakuja na utabiri mpya, na wa wiki iliyopita hautajwi tena.

TABIBU: Na mwanasayansi anakiri na kuacha?

MWALIMU: Si kila mara, na pengine ni heri. Hili ndilo jambo ninalolipenda kuliko yote, mnivumilie. Karne ya 19 waliona sayari ya Uranus haipiti pale ambapo hesabu za Newton zinasema ipite. Kwa Popper wa vitabu vya shule, Newton angetupwa siku hiyo hiyo. Hawakumtupa. Urbain Le Verrier wa Ufaransa akasema kuna sayari nyingine isiyojulikana inayoivuta Uranus. Kinasikika kama kisingizio, sivyo? Lakini kilikuja na anwani. Aliandika: elekezeni darubini pale. Usiku wa tarehe 23 Septemba 1846 Johann Galle, akiwa Berlin, alielekeza darubini, akaikuta Neptuni chini ya digrii moja kutoka mahali palipotajwa.

MUUGUZI: Kwa hiyo kisingizio kikawa ugunduzi.

MWALIMU: Subiri. Utaridi nayo, sayari iliyo karibu zaidi na jua, ilikuwa na kasoro ndogo katika njia yake. Le Verrier yule yule akatoa jibu lile lile: ipo sayari nyingine huko ndani, ikapewa jina Vulcan. Watu waliitafuta miaka na miaka. Baadhi wakasema wameiona. Haikuwapo. Mwaka 1915 Einstein akaonyesha kwamba pale ilikuwa zamu ya Newton kurekebishwa. Angalieni: mtu mmoja, hoja moja, mara ya kwanza kweli, mara ya pili si kweli. Mara zote mbili alikuwa mwanasayansi, kwa sababu mara zote mbili alitaja mahali pa kumkagua. Linganisheni na Samunge, ambako ilielezwa kwamba dawa haifanyi kazi isipotolewa kwa mkono wa Babu mwenyewe. Sharti hilo linafunga mlango. Ukipeleka mugariga Muhimbili, ukawapa watu, usione kitu, utajibiwa: sikukwambia?

MGONJWA: Mnatuzungumza kama hatupo. Mimi nilikwenda Samunge.

TABIBU: Karibu, dada yangu. Sema.

MGONJWA: Nina sukari. Mwaka ule nilikuwa nimechoka. Kliniki foleni ni ya asubuhi hadi mchana, ukifika dirishani dawa hakuna, unaandikiwa ukanunue nje, na daktari anaandika bila kuniangalia usoni. Nikapanda gari la Loliondo. Sikuwa mjinga. Nilijua kusoma, nilijua redio inasema nini. Nilikunywa. Niliporudi tulipima sukari, imeshuka. Imeshuka kweli, niliiona kwa macho yangu. Sasa ninyi wasomi mtaniambia sikuona?

MUUGUZI: Uliona, mama, na namba ile siibishii. Kule foleni mlikuwa mnakula nini?

MGONJWA: Maji na maandazi tuliyobeba. Yalipokwisha, chakula cha kule kilikuwa ghali.

MUUGUZI: Gari lilifika hadi kwa Babu?

MGONJWA: Foleni ilikuwa ndefu. Mara nyingi tulishuka tukatembea.

MUUGUZI: Siku kadhaa za kula kidogo na kutembea sana. Mama, hata mimi ningekupeleka safari hiyo bila kikombe, sukari ingeshuka. Halafu ikawaje?

MGONJWA: Ikapanda. Mguu ukaota kidonda. Nilipouliza kwa nini, niliambiwa na wenzangu niliosafiri nao kwamba nilikunywa nikiwa na mashaka, imani yangu haikutosha. Maneno hayo yaliniuma kuliko kidonda.

MWALIMU: Hicho ndicho kisingizio kisicho na anwani. Imani ya mtu huwezi kuielekezea darubini. Na ubaya wake zaidi ni kwamba dawa ikishindwa, lawama anabebeshwa mgonjwa.

MGONJWA: Ni kweli, Mwalimu. Lakini hospitali nako niliambiwa sukari inapanda kwa sababu sifuati masharti. Nilikuwa nayafuata. Vidonge nilivyopewa vilikuwa vya wiki mbili na tarehe ya kurudi ilikuwa ya mwezi. Nani aliyekosea imani hapo?

MUUGUZI: Hapo sina la kukujibu, mama, isipokuwa kwamba umesema kweli.

TABIBU: Hilo ndilo linalojaza mahema ya vipimo vya mwili mzima. Wanamkalisha mtu kwenye kiti, wanamsikiliza, wanamwita mama. Mnaweza kuichambua mashine hadi waya wa mwisho, watu wataendelea kwenda.

MWALIMU: Wataendelea, na wajibu wa kuwasikiliza upo. Lakini mtu anaweza kusikilizwa vizuri sana na kudanganywa vizuri sana katika kiti kile kile. Mgonjwa wa karatasi hizi alisikilizwa. Sasa hivi hawezi kufunga vifungo vya shati lake.

TABIBU: Sikatai. Lakini na mimi nataka jibu la jambo linalonikera. Kila mara mnasema “lete ipimwe”. Nani anapewa nafasi ya kupimwa? Mwaka 1963 Erasto Mpemba, mtoto wa sekondari ya Magamba, aliona maziwa ya moto ya kutengenezea aisikrimu yakiganda kabla ya yale yaliyoachwa yapoe. Akamwuliza mwalimu, akaambiwa amechanganyikiwa. Alipoendelea na masomo, mwalimu mwingine akamwambia hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya ulimwengu. Darasa likacheka. Walimu wa fizikia, Mwalimu. Wa kabila lako.

MWALIMU: Wa kabila langu, na nalisimulia darasani kila mwaka ili wanafunzi wangu wajue. Lakini simulia hadi mwisho. Denis Osborne, mhadhiri kutoka chuo kikuu cha Dar es Salaam, alikuja shuleni kuzungumza, Mpemba akasimama akauliza swali lile lile. Wenzake wakacheka tena. Osborne hakuamini, ila aliahidi kwamba litajaribiwa. Akarudi, akalijaribu, na mwaka 1969 wawili hao wakachapisha pamoja. Leo dunia nzima jambo hilo linaitwa kwa jina la Mpemba.

MUUGUZI: Mwanangu wa kidato cha nne aliniambia limeshakanushwa.

MWALIMU: Linabishaniwa. Mwaka 2016 Henry Burridge na Paul Linden, watafiti wa Uingereza, waliandika kwamba hawakupata ushahidi wa kutosha, na kwamba kusogeza kipimajoto sentimita moja tu juu au chini kunatosha kukupa jibu la uongo. Wengine hawakubaliani nao.

TABIBU: Basi likianguka, Mpemba alikuwa sayansi bandia?

MWALIMU: Hapana! Na hapa ndipo ningependa kila mtu anisikie. Kukosea si ubandia. Mpemba alisema nilichukua maziwa haya, nikayaweka hapa, likatokea hili, nenda kajaribu. Hakusema yanaganda kwa wenye kuamini. Hata ikija kuonekana hesabu yake haikusimama, alituachia kitu tunachoweza kukigombania kwa vipimajoto. Aliyekuwa mbali na sayansi siku ile ni mwalimu aliyemkejeli bila kujaribu, ingawa vitabu vyote vilikuwa upande wake.

TABIBU: Maneno hayo nitakukumbusha. Kwa sababu mimi nina mti. Sitautaja hapa. Bibi yangu aliutumia kwa watu wa sukari, na mimi nautumia. Sijui kama unashusha. Naamini unashusha. Niuleteje kwenu nami nisiibiwe? Wasan wa kusini mwa Afrika walitafuna mmea wa hoodia vizazi na vizazi kutuliza njaa safarini. Taasisi ya utafiti ya Afrika Kusini ikachukua hataza miaka ya 1990, na makubaliano ya kuwagawia Wasan chochote yakaja mwaka 2003, baada ya kelele. Unaniita kwenye uwazi, Mwalimu. Uwazi wa nani?

MWALIMU: Kuna mfano wa upande wa pili, ingawa haufuti ulichosema. Tu Youyou wa China alikuwa akitafuta dawa ya malaria katika vitabu vya kale vya tiba. Akakuta maagizo ya Ge Hong, ya karne ya nne: loweka mmea wa qinghao katika maji, kamua, kunywa. Hakuna kuchemsha. Tu na wenzake walikuwa wakitumia joto kutoa dawa, wakiiharibu. Mwaka 1971 akatumia etha, inayochemka kwa joto dogo, dawa ikatoka. Dawa mseto tunayoimeza leo imetokana na hapo, na mwaka 2015 alipewa Nobeli. Ge Hong ametajwa kila mahali. Miti mingine mingi ya vitabu vile vile ilijaribiwa na haikufaa kitu. Tunajua upi unafaa kwa sababu tulikubali kujua ipi haifai.

TABIBU: Ge Hong ametajwa kwa sababu aliandika. Bibi yangu hakuandika.

MUUGUZI: Basi tuanze na hilo, mzee. Kabla mti haujatoka mkononi mwako, yaandikwe makubaliano: jina la bibi, jina lako, kijiji, na fungu lenu likipatikana faida. Muhimbili ina taasisi ya tiba asili iliyoanza kama kitengo cha utafiti mwaka 1974, na sheria ya tiba asili ipo tangu 2002. Twende na mwanasheria. Bila karatasi hiyo usilete hata jani.

TABIBU: Nikishaleta?

MUUGUZI: Kwanza usalama, maabara. Ikionekana salama na kamati ya maadili ikiruhusu, tunaomba watu wa sukari wanaokubali kwa hiari. Hakuna anayeacha vidonge vyake vya hospitali. Nusu wanaongezewa dawa yako, nusu wanaongezewa kinywaji chenye rangi ile na uchungu ule, kisicho na dawa. Anayegawa hajui kipi ni kipi, anayepima damu hajui, na wewe hujui.

TABIBU: Mimi nisijue dawa yangu mwenyewe?

MWALIMU: Wewe hasa, mzee wangu. Na mimi pia, kwa sababu nitataka ishindwe, na mtu anayetaka huona.

TABIBU: Basi iandikwe kabla mtu hajanywa: sukari isiposhuka kwa kiasi gani tutasema imeshindwa. Namba, na siku ya kupima. Nitatia sahihi. Na wewe, Mwalimu, utie sahihi kwamba ikishuka utasimama mbele ya darasa lako useme imeshuka.

MWALIMU: Natia.

MGONJWA: Mimi nitakuwa kundi gani?

MUUGUZI: Hutajua, mama. Wala mimi sitajua hadi mwisho.

MGONJWA: Kutojua nitavumilia, Samunge pia nilikunywa bila kujua. Lakini na mimi nina sharti la kuandikwa kwenye karatasi hiyo. Matokeo mniletee nyumbani, mnisomee kabla hayajasomwa redioni. Na kama haikufaa, mseme dawa haikufaa. Asije mtu kuniambia nilikosea kunywa.